Kujiandikisha kwa GP England: Fanya Kabla Hujaugua

Nyumbani ukiumwa unaenda hospitali, unakata kadi dirishani, unamwona daktari. England hospitali kuu haikupi miadi bila rufaa, labda iwe dharura. Rufaa inatoka kwa GP, daktari wa zahanati ya mtaani unakokaa, na kujiandikisha kwake ni bure kwa kila mtu, awe na kibali cha ukaazi au asiwe nacho. Jiandikishe wiki ile ile unayopata pa kulala, ungali mzima.

Ingiza postikodi yako kwenye tovuti ya NHS (huduma ya afya ya taifa), utaona zahanati za karibu. Nyingi zinapokea maombi mtandaoni. Kama mtandao ni shida, omba fomu ya karatasi mapokezi.

Hapo mapokezi ndipo wengi wanaporudishwa. Utaombwa pasipoti na barua yenye anwani yako. Ukiwa navyo vitoe, vinarahisisha kazi. Ukiwa huna, hawaruhusiwi kukukataa kwa sababu hiyo, na mwongozo wa NHS England unasema hivyo waziwazi. Usiondoke kimya: omba kuonana na meneja, kisha omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, ambayo wanatakiwa kukupa ndani ya siku 14. Orodha ya wagonjwa ikiwa imefungwa, au ukiwa unakaa nje ya eneo lao, hapo wana haki. Nenda zahanati nyingine. Asiye na makazi anaweza kutumia anwani ya rafiki au ya zahanati yenyewe.

Kwenye fomu, kuwa makini sana na jina. Mtu mwenye majina matatu, tuseme Asha Juma Bakari, leo anaandika Asha Juma, kesho hospitali anaandika Asha Bakari. Kompyuta inaona watu wawili, na majibu ya damu yanaweza kukaa kwenye faili ambalo daktari wake halifungui. Andika jina kama lilivyo kwenye hati yako ya ukaazi, herufi kwa herufi, kila mahali. Wakimbizi walioandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari wana hatari zaidi ya kuchanganywa, kwa kuwa tarehe hiyo wanayo wengi. Kinga yake ni namba ya NHS, tarakimu 10. Ihifadhi kwenye simu na uitaje kila unapopiga.

Mkalimani ni bure. Muombe siku ya kupanga miadi, maana ukimuomba ukishafika huenda asipatikane. Taja Kiswahili chako ni cha wapi: mtu wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana kwenye maneno ya maumivu. Omba pia muda mrefu zaidi, kwa sababu miadi ya kawaida ni kama dakika 10 na ukalimani unakula nusu yake. Mtoto wako asikutafsirie. Mama hawezi kueleza habari za kizazi chake mbele ya mwanawe, na ugonjwa unabaki haujasemwa.

Kumwona GP hulipi. Dawa ndizo zinalipiwa: tangu 2024 ni paundi 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa (Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ni bure). Mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1 kuomba cheti cha HC2, cha kutolipia dawa; waombaji hifadhi wanaopokea msaada wa serikali hupewa cheti hicho. Usitie alama kwenye kisanduku cha msamaha wa malipo usichostahili, hata mfamasia akikuharakisha. Faini inaweza kufika paundi 100, juu ya bei ya dawa.

Hospitali ni habari nyingine. Wakimbizi, waombaji hifadhi na waliolipia ada ya afya kwenye viza hawatozwi matibabu. Mgeni wa matembezi hutozwa akishalazwa au akipewa miadi ya hospitali, kwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Matibabu ndani ya A&E (idara ya dharura ya hospitali) kabla hujalazwa, na matibabu ya kifua kikuu, VVU na malaria, ni bure kwa wote. Mjamzito hawaruhusiwi kumchelewesha kwa sababu ya pesa, ingawa bili inaweza kuja baadaye. Bili isifichwe kabatini: deni la paundi 500 au zaidi likipita miezi miwili linaweza kukukwamisha kwenye viza. Omba kulipa kidogo kidogo.

Usiku au wikendi piga 111, na useme unataka mkalimani. Kwa hatari ya maisha ni 999.

Ukihama, ijulishe zahanati na hospitali siku hiyo hiyo. Barua ya miadi ikienda nyumba ya zamani na usipotokea, unaweza kuondolewa kwenye foleni uliyosubiri miezi. Waombaji hifadhi huhamishwa kwa taarifa fupi, kwa hiyo anayemeza dawa za presha au kisukari aombe za wiki kadhaa mara tu anaposikia habari ya kuhamishwa, na abebe karatasi yenye majina ya dawa zake.