Kabla Hujagusa Jiwe la Piramidi

Unapotafuta vyumba vilivyofichika ndani ya piramidi, kibali kwanza. Pale Giza, mji wa Misri wenye piramidi kubwa, bila ruhusa ya serikali huingizi hata waya. Kofia ngumu, maji, tochi ya akiba: hayo unayajua.

Panga muda wa kutosha. Chembe za myuoni, zinazozaliwa miale ya anga za juu ikigonga hewa, hupenya mwamba bila kudai tundu. Zikifika nyingi kuliko ulivyotarajia, njiani zimekuta uwazi. Ila kuzihesabu huchukua miezi, na filamu za kuzinasa huharibiwa na joto, kwa hiyo zikague mara kwa mara.

Sasa hili lishike sana: usitoboe kwa kuamini kifaa kimoja. Niliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya kale ya matumbawe, huku kwetu pwani. Rada ikaonyesha doa nyuma ya ukuta, mkuu wetu akasema ni chumba, nami ndiye niliyeshika drili. Lipu ya chokaa ilibanduka na nakshi yake yote. Nyuma yake tulikuta unyevu na chumvi, basi. Mzee mwenye nyumba aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga ya mkewe, hakutusemesha. Sijasahau ule ukimya wake.

Hata ndani ya piramidi ya Khufu, kubwa kuliko zote pale Giza, yamewahi kutokea. Mwaka 1986 vipimo vya nguvu ya mvutano wa dunia viliashiria uwazi kando ya njia ya kwenda Chumba cha Malkia. Wakatoboa matundu 3, wakakuta mchanga. Linganisha na ushoroba wa mita 9 uliotangazwa mwaka 2023 upande wa kaskazini: myuoni, rada na mawimbi ya sauti vilikubaliana kwanza, ndipo kamera nyembamba ya milimita 6 ikapitishwa kwenye upenyo uliokuwepo tayari kati ya mawe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ule uwazi mkubwa wa mita 30 hivi ndani ya piramidi hiyohiyo, uliotangazwa mwaka 2017, nao usubiri hivyohivyo.

Na pumzi zenu pia. Unyevu wa watu huamsha chumvi iliyomo ndani ya jiwe, ikatokeza juu na kulimenya. Ingieni wachache, msiegemee kuta, mabegi yabaki nje, na mkihisi joto limezidi, tokeni.