Lori la oto kwenye mlima unaoteleza: ichagulie gia mapema

Juzi nilikaa kiti cha utingo kumsindikiza dereva kijana aliyezoea gia za mkono, sasa amekabidhiwa lori la oto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mbele yetu kulikuwa na mlima. "Kaka, nikianza kuteleza nafanyaje bila klachi?" Niliyomweleza siku ile ndiyo haya.

1. Jua kilicho ndani

I-Shift ya Volvo, Opticruise ya Scania, PowerShift ya Mercedes-Benz: majina mengi, mpango mmoja. Ni giaboksi ya kawaida, mara nyingi yenye gia 12, na klachi kavu kama ile uliyokuwa ukiikanyaga. Sasa inakanyagwa na kompyuta. Kompyuta inapima mwendo, mzigo na mwinuko. Za kisasa zinasoma hata ramani na kujua kilele kiko wapi. Tope, barafu na majani yaliyolowa haivioni. Macho hayo unayo wewe, kwa hiyo kwenye utelezi uamuzi wa gia uwe wako.

2. Kabla ya mlima

Tairi na hewa umeshakagua. Zima kruzi, ule mfumo unaoshika mwendo wenyewe, na uzime pia ule mfumo unaoliacha lori liserereke frii ili kuokoa mafuta. Minyororo ifungwe ukiwa bado tambarare.

3. Kupanda kwa gia moja

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza karibu saa tano. Nilikuwa na trela lenye mzigo, nikaacha wenzo kwenye A, yaani giaboksi ijichagulie gia yenyewe. Katikati ya mlima giaboksi ikaona injini inalemewa, ikashusha gia. Kwenye oto ya aina hii, kubadilisha gia maana yake klachi inaachia, nguvu inakatika kufumba na kufumbua, kisha inarudi. Barabara ikiwa kavu huhisi kitu. Kwenye tope, muda huo mfupi unatosha kumeza mwendo wote, na nguvu inaporudi kwa mshtuko tairi zinazunguka palepale. Lori lilisimama, likaanza kurudi nyuma, na nikashinda hapo nikichimba na kumwaga kokoto hadi giza likaingia.

Kwa hiyo ukiwa bado chini, hamia M, yaani gia unachagua wewe, na uchague gia itakayokufikisha juu bila kubadilisha. Ukisita kati ya gia mbili, chukua iliyo nzito zaidi, yaani yenye namba ndogo, halafu mguu uwe mwepesi. Lakini kama unaondoka kutoka kusimama na lori ni tupu, jaribu gia ya 2 au ya 3 badala ya 1, maana ya 1 ina nguvu nyingi mno na itazungusha tairi. Usidhani pia kwamba M inakuachia kila kitu: giaboksi nyingi bado hubadilisha zenyewe injini ikikaribia kuzima au kupitiliza mizunguko. Jicho lisitoke kwenye mshale wa mizunguko. Programu ya Power siitumii kabisa kwenye utelezi. Inaipandisha injini juu, na ukigusa mafuta kidogo tu tairi zimeshateleza.

Difu loki, inayofunga tairi za kuvuta zizunguke pamoja, iwashwe kabla hujaingia kwenye tope, lori likiwa limenyooka na tairi hazizunguki ovyo. Ukiiwasha huku tairi moja inazunguka kasi, meno yanaweza kuvunjika. Kama una ekseli mbili za kuvuta, anza na loki ya kati ya ekseli. Zima kabla ya kona kali, kwa sababu lori lililofungwa difu hulazimisha kwenda moja kwa moja.

Mfumo wa kuzuia tairi zisizunguke ovyo uache uwe umewaka kwenye barafu. Kwenye tope zito unaweza kukata nguvu mpaka lori lisimame. Hapo uzime kwa muda, ukishavuka uuwashe. Lori lenye ekseli ya kuinua: iinue kidogo ili uzito uhamie kwenye ekseli ya kuvuta.

Ukisimama mlimani, lishike lori kwa breki, kamwe usilishike kwa mafuta. Ukifanya hivyo klachi ndiyo inayoungua. Onyo la joto likitokea kwenye dashibodi, vuta handibreki, weka nyutro, acha injini iwake mpaka klachi ipoe.

4. Kushuka

Chagua gia kwenye M ukiwa kileleni, kabla pua haijainama. Ukibaki kwenye A na kuwasha breki ya injini, giaboksi nyingi hushusha gia zenyewe ili injini ikabe zaidi, na mshtuko huo unaangukia tairi za kuvuta. Retada, ile breki ya ziada isiyotumia breki za tairi, nayo hukaba tairi hizohizo tu. Lori likiwa tupu zinafunga, trela linakisukuma kichwa na kukikunja. Mimi hutumia hatua ya kwanza ya retada au naiacha kabisa, gia ishike mwendo, na breki ya mguu naigusa kidogo na kuiachia, kwa sababu hiyo hugawa kazi kwa tairi zote hadi za trela.

Ukihisi nyuma inakwenda pembeni, rudisha retada sifuri kwanza. Usikanyage breki, usiweke nyutro. Elekeza usukani unakotaka kwenda, na tairi zikishashika ndipo uguse breki taratibu.