Briji: Upande Dau Hadi Wapi Wapinzani Nao Wakiendelea Kupanda

Katika briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, mnada wa kutaja mapigo huja kabla ya kucheza. Ninyi mnataka shupaza, wao wanataka kopa, na zile pointi 40 za karata kubwa zimegawanyika karibu nusu kwa nusu. Zamu imekufikia: upande tena au upige pasi? Wengi hapo huanza kuhesabu pointi upya. Pointi zimekwisha kusema lao. Sasa hesabu turufu, yaani karata za rangi mnayotaka itawale.

Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean-René Vernes alionyesha jambo hili: chukua turufu zenu wawili katika rangi yenu, ongeza na zao katika rangi yao. Jumla yake hukaribia sana jumla ya mapigo ambayo pande hizo mbili zingekula, kila upande ukicheza kwa turufu yake. Pigo ni zile karata nne za mzunguko mmoja. Kwa hiyo panda hadi mapigo yaliyo sawa na turufu zenu, ukikumbuka kwamba ngazi ni mapigo mnayoahidi juu ya sita: mkiwa na 8, ishieni ngazi ya 2; mkiwa na 9, ngazi ya 3; mkiwa na 10, ngazi ya 4.

Za mwenzako utazijua kwa alichotaja. Aliyefungua mnada kwa shupaza moja, katika mifumo mingi ya leo, ana angalau 5. Aliyeingilia mnada wa wapinzani kwa rangi yake ana 5 au zaidi. Aliyefungua mbili dhaifu, yaani ngazi ya 2 kwa mkono wenye pointi chache, ana 6, na aliyeruka kufungua ngazi ya 3 kwa kawaida ana 7. Ongeza zako.

Tazama mfano. Mwenzako kafungua shupaza moja, wa kulia kwako kataja kopa mbili. Umeshika shupaza malkia-9-6, kopa 7-3, uru ree-jeki-8-5, pau 10-6-4-2. Turufu zenu ni 8, basi sema shupaza mbili. Wakienda kopa tatu na zamu ikakurudia baada ya pasi mbili, piga pasi. Sasa toa pau moja, weka shupaza ya nne. Turufu zimekuwa 9, na hapo unaruka shupaza tatu papo hapo, kabla hawajapata nafasi ya kuelewana. Wakitaja kopa nne, nyamaza: umeshasema yote uliyonayo.

Kwa nini turufu moja ibadili uamuzi? Tuseme hakuna upande ulio hatarini, ile hali ambayo faini huwa kubwa zaidi, na wao wana kopa 9. Kwa shupaza zenu 9 jumla ni 18, lakini hata ikiwa 17 tu, kushindania ngazi ya 3 kunalipa. Wao wakila mapigo 9 wanapata 140. Ninyi mtakula 8 katika shupaza tatu na kupoteza 50 tu. Wakila 8, ninyi mnakula 9 na 140 ni yenu, badala ya 50 za kuwaangusha, yaani kuwazuia wasitimize ahadi yao. Jumla ikiwa 16 mambo hugeuka: wao wakila 8, nanyi mnakula 8, basi mmetupa 50 zilizokuwa zenu na kulipa 50 nyingine. Wakila 9, mnaanguka mawili, na wakiwa wamepiga dabo, tamko la kuongeza faini, mnalipa 300.

Hesabu hii hukosea kwa pigo moja mara kwa mara, na sababu zake zinaonekana mkononi. Malkia na jeki ndani ya rangi ya wapinzani hula pigo mkijihami, lakini mkicheza wenyewe hazina kazi; ukiwa nazo, punguza moja. Mkono bapa, ambao rangi zake zina karata 4-3-3-3, punguza pia. Ukiwa na rangi ya pili ndefu ambayo mwenzako ameiunga mkono, au huna hata karata moja ya rangi yao, ongeza.

Kisha angalia kibao kama mko hatarini. Kuanguka pigo moja kwa dabo mkiwa hatarini ni 200, na mashindanoni hiyo inazidi karibu kila ahadi ndogo ambayo wapinzani wangetimiza. Kwenye utata, hapo pasi ni bora.

Kosa linalowagharimu wengi ni kupanda kidogo kidogo: mbili, halafu tatu kwa karata zilezile, halafu nne kwa hasira. Kila hatua huwapa wapinzani nafasi ya kuelezana na kuchagua kati ya kuendelea na kupiga dabo. Fika kwenye ngazi yako mara moja, kisha uamuzi mgumu uwe wao.

Na wakishasukumwa hadi ngazi ya 5, waacheni huko. Turufu 10 hazitoshi kuwafuata. Subirini mpaka muwe na 11, au mkono usio na karata ya rangi yao.