Namna ya kuendesha mdahalo wa kesi ya Willingham

Mdahalo huharibikia kwenye ubao, kabla hata mtu hajafungua mdomo. Tuchukue Cameron Todd Willingham, Mmarekani aliyeuawa na jimbo la Texas kwa kosa la kuwaua wanawe kwa moto: ukiandika mada isemayo "Cameron Todd Willingham hakuwaua wanawe", upande wa kuunga mkono umeshabebeshwa mzigo ambao hata wataalamu wa moto hawakuubeba. Vijana wangu wa kidato cha sita hapa Tanga nawaandikia hivi: "Ushahidi uliotolewa dhidi ya Willingham haukutosha kumtia hatiani." Hapo kila upande una pa kusimama.

Mwenyekiti asome maelezo mafupi, yasiyo na mapambo. Tarehe 23 Desemba 1991, mjini Corsicana, jimbo la Texas, nyumba ya mbao iliungua. Mabinti watatu walikufa: mmoja wa miaka miwili na mapacha wa mwaka mmoja. Baba yao, Willingham, alitoka nje akiwa hai. Mama yao hakuwepo nyumbani. Agosti 1992 jopo la raia lilimtia baba hatiani kwa kuwaua. Kabla ya kesi aliahidiwa kifungo cha maisha kama angekiri, akakataa. Aliuawa kwa sindano ya sumu gerezani Huntsville tarehe 17 Februari 2004. Basi. Mengine yote yatoke kwa wazungumzaji, na kila jambo litajwe pamoja na mwaka wake. Usilegeze kamba kwenye miaka: kesi hii nzima inategemea nani alijua nini, lini.

Sasa moto wenyewe. Mpe sehemu hii mzungumzaji wako mtulivu kuliko wote, si yule mwenye sauti kubwa. Wachunguzi, akiwemo Manuel Vasquez wa ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, waliiambia mahakama kwamba sakafu ilikuwa na alama za mafuta yaliyomwagwa, kwamba moto ulianzia sehemu zaidi ya moja, na kwamba vioo vya madirisha vilikuwa na nyufa nyembamba kama utando, jambo walilolichukulia kuwa dalili ya moto uliochochewa. Mwambie kijana azishughulikie alama hizo moja baada ya nyingine, asizibebe zote kwa mkupuo.

Aanze na vioo, maana ndivyo vinavyoeleweka upesi. Aliyekulia kwenye taa ya chemni anajua kinachotokea tone la maji likidondokea kioo cha moto. Majaribio ya baadaye yalionyesha ndivyo nyufa zile zinavyopatikana: maji ya wazima moto yanapopiga kioo kilichopata joto kali. Hazithibitishi petroli wala mafuta ya taa.

Kisha aende kwenye sakafu. Katika chumba kinachoungua, moshi na gesi za moto hujikusanya darini, na joto lake hushuka kuelekea chini mpaka kila kitu chumbani kinashika moto karibu kwa wakati mmoja. Ikishafika hapo, sakafu huungua kwa mabaka yanayofanana kabisa na dimbwi la mafuta. Mwaka 1991 huko Jacksonville, Florida, katika kesi nyingine ya baba aliyetuhumiwa kuchoma nyumba, wataalamu waliiwasha nyumba iliyofanana na ya mtuhumiwa kwa kuanzia kwenye kochi, bila kumwaga chochote. Chumba kilifika hali hiyo kwa dakika nne na nusu hivi, na sakafuni zikabaki alama ambazo wengi wangeapa ni za mafuta. Jaribio hilo lilifanyika kabla ya kesi ya Corsicana kusikilizwa. Mzungumzaji akifika hapa anyamaze kidogo, waandishi waandike.

Upande wa kupinga utasimama na "Taarifa, mwenyekiti!" kusema kwamba maabara ilikuta mabaki ya kimiminika kinachowaka. Ni kweli, na wakubaliwe. Swali la kuwarudishia ni: wapi? Ni kwenye kizingiti cha mlango wa mbele tu, na barazani palikuwa na jiko la kuchomea nyama.

Wanaopinga usiwaache wawe kuku wa kuchinjwa. Mdahalo wa upande mmoja ni hotuba. Mimi huwaandalia mambo haya. Ripoti za wanasayansi, ile ya Gerald Hurst iliyoandikwa siku chache kabla ya Willingham kuuawa, na ya Craig Beyler ya 2009, zinasema hakuna msingi wa kisayansi wa kuuita moto ule wa kuwashwa kwa makusudi. Hazisemi ulikuwa ajali. Ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo iliutetea uchunguzi wake mwaka 2010. Kuhusu mfungwa aliyedai Willingham alimkiria jela, ambaye baadaye aliufuta ushahidi wake kisha akageuka tena, upande wa kuunga mkono utadai aliahidiwa nafuu. Wapinzani wajibu kwamba 2017 jopo la raia lilimwondolea mwendesha mashtaka wa kesi hiyo tuhuma za utovu wa maadili. Nao pia wana kesi ya Roger Keith Coleman wa Virginia, aliyeuawa 1992 huku wengi wakiamini hana hatia; vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Januari 2006 vilimwonyesha kuwa ndiye mkosaji. Waitumie kuonya juu ya huruma. Waunga mkono wawe na Ernest Willis tayari: naye alihukumiwa kifo Texas kwa moto na alama zilezile, akaachiwa Oktoba 2004, miezi minane baada ya Willingham kuuawa.

Patakapochafuka ni kwenye tabia. Willingham alikuwa akimpiga mkewe, na kesini hata picha za bendi ya muziki mzito ukutani kwake zilipewa tafsiri. Majirani walieleza alivyolia, kisha wengine wakaeleza kwamba kilio kile hakikuwa cha kweli. Kama mwenyekiti, ruhusu kila upande dakika moja tu ya tabia, nami nakuambia wazi kwamba hata hiyo ni nyingi. Mume mkatili hawi mchomaji kwa sababu hiyo.

Na kuna kijana atakayeirudisha hoja nyumbani: kwamba sheria yetu bado ina kitanzi, ingawa Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Mzuie kwa adabu. Kufuta adhabu ya kifo ni mada nyingine kabisa. Mtu anaweza kuunga mkono adhabu hiyo na bado aone kesi hii ilikuwa mbovu. Mwambie aiandike, mtaijadili Jumamosi nyingine.

Kura ipigwe kwa karatasi, mara mbili: kabla na baada. Karatasi ya pili iwe na mstari wa ziada, "Ni ushahidi gani uliokubadilisha au uliokufanya usibadilike?" Anayeacha mstari huo wazi, kura yake haihesabiwi. Watanung'unika. Waache wanung'unike.