Umeacha kucheza, sasa unashika timu: mazoezi ya kwanza ya kocha wa mpira wa kikapu Goma
Kosa la wachezaji wengi wanaogeuka makocha ni kuingia uwanjani na kucheza badala ya kutazama. Baki pembeni na filimbi na daftari. Mipira: namba 7 kwa wanaume, 6 kwa wanawake, 5 kwa watoto.

Fagia kwanza changarawe za lava (mawe ya volkano) uwanjani. Mguu ukiteleza mchezaji anaposimama ghafla, goti ndilo linaumia. Pasheni mwili dakika 15, kisha ulinzi: magoti yakunjwe, miguu isipishane.

Mitupo huru (ile ya bila mlinzi, baada ya faulo), mita 4.60 kutoka kwenye ubao wa kikapu, iache mpaka wawe wanahema, maana kwenye mechi watairusha wakiwa wamechoka vilevile. Rekebisha kosa moja tu kwa kila mtupo. Anza na kiwiko: kikitoka nje, mpira unakwenda pembeni.