Somo: Kibali cha kujenga ukuta wa uzio kwenye kiwanja kilichopimwa

Kwa kuwa swali la namna ya kupata kibali cha ukuta wa uzio linarudi kila mara, na wengi wanaoliuliza huwa wameshanunua tofali, naandika utaratibu wote mahali pamoja. Nazungumzia viwanja vilivyopimwa katika halmashauri za miji, Tanzania Bara. Ukuta wa tofali unahitaji kibali cha ujenzi hata kama nyumba iliyomo ndani ilishapata chake, isipokuwa kama ukuta huo ulikuwamo kwenye michoro iliyopitishwa.

Hatua ya kwanza: andaa nakala ya hati miliki au barua ya toleo (barua ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati kutoka), pamoja na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi.

Hatua ya pili: hakiki bikoni. Hapa ndipo watu wanapoumia. Bikoni ni kigingi cha zege kilichozikwa ardhini, chenye chuma katikati na namba yake, na namba hiyo sharti ilingane na ile ya kwenye ramani ya upimaji. Usikubali kuonyeshwa mpaka na dalali kwa kidole, wala kuufuata ukuta wa jirani, kwa sababu huenda naye alionyeshwa vivyo hivyo. Bikoni ikikosekana, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa airejeshe. Tahadhari nyingine ni mafundi: wakichimba msingi huing'oa bikoni ya kona, kisha huirudishia kwa kukisia, na kosa la nusu mita pale kwenye kona hupeleka ukuta mzima mshazari hadi ndani ya kiwanja cha mwenzako. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la jinai, kwa hiyo simama pale wewe mwenyewe siku ya kuchimba.

Hatua ya tatu: pima umbali kutoka barabarani. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ambayo kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Upana wa barabara za mtaa husomwa kwenye ramani ya mipango miji.

Hatua ya nne: pata mchoro wa ukuta unaoonyesha urefu, kimo, msingi, nguzo na geti.

Hatua ya tano: wasilisha maombi halmashauri, lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), kisha subiri kibali cha maandishi. Stakabadhi ya malipo si kibali.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwani fundi hawezi kuanza msingi wakati kibali kinafuatiliwa?
Jibu: Hawezi. Soma hatua ya tano. Halmashauri ina mamlaka ya kusimamisha ujenzi na kubomoa, na gharama ni zako.

Swali: Mwenyekiti wa mtaa ameniandikia barua. Haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Barua yake inakutambulisha tu.

Swali: Samahani mkuu, jirani tayari ana ukuta upande mmoja. Naweza kuunganisha wangu na wake, na tukigombana tunaanzia wapi?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi, ndugu yangu. Kwanza hakikisha kwa bikoni kwamba ukuta wake umesimama ndani ya kiwanja chake. Kisha andikianeni makubaliano mbele ya mashahidi: nani mwenye ukuta, nani atautengeneza ukipasuka. Hata hivyo nakushauri usimamishe nguzo zako mwenyewe, usiuegemeze ukuta wako kwenye msingi usioujua kina chake. Mkigombana, anzieni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Swali: Na michongoma je? Sina uwezo wa tofali kwa sasa.
Jibu: Ni uzio mzuri, lakini mpaka ni uleule. Ipande hatua moja ndani ya mstari wa bikoni, kwani hutanuka, na utahitaji nafasi ya kusimama unapoikata kwa upande wa nje. Ziache bikoni zionekane, maana zikimezwa na miiba utamlipa mpima kuzitafuta.