Namna ya kumfundisha Constance Baker Motley katika kipindi kimoja

Mwalimu mwenzangu wa Uraia, mihimili mitatu ya dola huwachosha wanafunzi wa kidato cha pili kabla hujamaliza kuitaja. Mimi huifundisha kwa maisha ya mtu mmoja aliyeipitia yote ndani ya miaka mitatu: Constance Baker Motley wa New York.

Anza na neno "jimbo", maana usipolinyoosha mapema litakuvurugia kipindi kizima. Kwetu mbunge wa jimbo huenda Dodoma. Marekani, jimbo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake. La New York hukutana Albany. Chora ubaoni duara kubwa la shirikisho, ndani yake vijiduara vya majimbo. Motley alipochaguliwa mwaka 1964, mwanamke Mweusi wa kwanza katika Seneti ya New York, moja ya mabaraza mawili ya bunge hilo la jimbo, hakwenda Washington. Mwanafunzi akikosea hapo, mengine yote yatampotea.

Ubao ukishaeleweka, rudi nyuma uwape binti wa New Haven, aliyezaliwa 1921 na wazazi waliotoka kisiwa cha Nevis, baba mpishi, ada ya chuo hakuna. Alizungumza kwenye mkutano wa kituo cha jamii, na tajiri mmoja, Clarence Blakeslee, alipomsikia akajitolea kumsomesha. Hapa usikimbie. Kila darasa nililofundisha lina mtoto anayeijua hali hiyo.

Kazi ya uwakili ndiyo nyama ya somo. Thurgood Marshall, wakili mashuhuri wa haki za Weusi, alimchukua akiwa bado mwanafunzi wa sheria. Ni Marshall huyohuyo aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuhusu katiba. Motley ndiye aliyesimamia kesi ya James Meredith, kijana Mweusi aliyekataliwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, akisafiri Mississippi tena na tena, hadi kijana huyo akaandikishwa chuoni hapo Oktoba 1962. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetea kesi 10, akashinda 9.

Mwaka 1965 akawa mkuu wa Manhattan, sehemu ya jiji la New York: huo ni utawala. Mwaka 1966 Rais Johnson akamteua jaji wa mahakama ya shirikisho, na uteuzi ukakwama miezi saba. Aliyempinga ni Seneta James Eastland, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti ya Washington iliyopaswa kuupitia uteuzi huo, mtu wa Mississippi. Waulize kwa nini, kisha nyamaza.

Dakika kumi za mwisho ziwe za igizo. Mwaka 1975 wanawake mawakili walikuwa wameishtaki kampuni ya uwakili kwa ubaguzi wa kijinsia mbele yake, na kampuni ikaomba Motley ajitoe kwa kuwa ni mwanamke aliyewahi kutetea haki za Weusi. Alikataa: kila jaji ana jinsia yake na asili yake, kwa hiyo hapangebaki wa kuisikiliza kesi hiyo. Lakini jibu hilo lifiche kwanza. Mpe binti mmoja kiti cha jaji, mvulana aombe ajitoe.

Mwaka jana binti wangu wa darasani alikataa kujitoa kabla sijafungua daftari. "Na wewe mbona ni mwanaume?" alimuuliza.